Twitter Ilipopata Mwenyewe Mpya, Mawimbi Yalifika hadi Kisumu

Mtandao wa Twitter uliuzwa Oktoba 27, 2022 kwa dola bilioni 44. Mnunuzi, Elon Musk, mkuu wa kampuni za Tesla na SpaceX, alikuwa amekubali bei ya dola 54.20 kwa kila hisa mwezi Aprili, akajaribu kujitoa Julai, akashtakiwa na Twitter yenyewe katika mahakama ya jimbo la Delaware, kisha akakubali kulipa wiki mbili kabla ya kesi kusikizwa. Kwa shilingi ya Kenya ya wakati huo, bei hiyo ilipita trilioni 5. Bajeti nzima ya Kenya mwaka huo wa fedha ilikuwa takriban trilioni 3.3.

Fedha hizo hazikutoka zote mfukoni mwa mnunuzi. Karibu dola bilioni 13 zilikuwa mkopo wa benki, na mkopo huo ulitwikwa kampuni iliyonunuliwa. Hapa ndipo palipo na mzizi wa sehemu kubwa ya msukosuko uliofuata. Kampuni iliyokuwa ikitegemea matangazo kwa karibu asilimia 90 ya mapato yake ilijikuta na riba ya zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka, huku watangazaji wakubwa wakisitisha matangazo kwa hofu ya bidhaa zao kuonekana kando ya matusi na uchochezi.

Walioumia kwanza ni wafanyakazi. Mkurugenzi mkuu Parag Agrawal, mkuu wa fedha Ned Segal na mkuu wa masuala ya sheria Vijaya Gadde walifutwa mara tu mauzo yalipokamilika. Novemba 4, karibu nusu ya wafanyakazi 7,500 waliachishwa kazi. Baadhi yao walijua mambo yameharibika walipokuta akaunti zao za kazini zimefungwa. Waliosalia walitakiwa wachague upesi: wakubali kazi ya saa nyingi na presha kubwa, au waondoke na malipo ya miezi mitatu. Mamia waliondoka. Aprili 2023 Musk aliiambia BBC kuwa wamebaki takriban 1,500.

Afrika ilikuwa na kituo kimoja tu cha Twitter, mjini Accra, Ghana. Wafanyakazi wake, wasiofika hata 25, walikuwa wamefanya kazi wakiwa nyumbani kwa miezi mingi, na ofisi yao ilikuwa na siku chache tu tangu ifunguliwe. Karibu wote waliachishwa katika wimbi lile la Novemba 4. Baadhi yao walikuwa wamehama nchi zao kufuata ajira hiyo. Walilazimika kutafuta mawakili, na ilipita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kulipwa haki zao.

Msomaji wa ukanda wa miwa, kuanzia Kibos hadi Muhoroni, hahitaji kueleweshwa jambo hili la kudai haki mwajiri anapobadilika. Mwaka 2025 serikali ilipokodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa miaka 30, Chemelil ikienda kwa Kibos Sugar na Muhoroni kwa West Valley Sugar, swali la kwanza langoni lilikuwa malimbikizo ya mishahara: nani atayalipa, aliyeondoka au aliyeingia? Tofauti ni kwamba mfanyakazi wa kiwanda ana chama kinachoweza kuitisha mgomo, na kiwanda chenyewe kinaonekana kwa macho. Mfanyakazi wa Accra alikuwa akidai haki kwa mwajiri aliye ng'ambo ya bahari.

Baada ya wafanyakazi, zamu ikawa ya watumiaji. Alama ya buluu, iliyokuwa ikitolewa bure baada ya mtandao kuthibitisha mwenye akaunti ni nani, ilianza kuuzwa Novemba 9, 2022 kwa dola 8 kwa mwezi, yaani karibu Sh1,000. Siku iliyofuata, akaunti bandia yenye alama hiyo ilitangaza kwa jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly kwamba insulini ni bure. Huduma ikasitishwa, ikarejeshwa Desemba. Aprili 20, 2023 alama za zamani ziliondolewa, na tangu hapo buluu kwenye akaunti ya mtu haithibitishi tena yeye ni nani; mara nyingi ina maana tu kwamba mwenyewe amelipia.

Kwa Kenya, hatari ya uongo unaolipiwa haikuwa ya kubuni. Mnamo 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo walionyesha jinsi vijana walivyokuwa wakilipwa dola 10 hadi 15 kusukuma hashitegi za kuwachafua majaji na wanaharakati waliopinga mpango wa BBI wa kubadilisha katiba. Twitter ya wakati huo ilifunga zaidi ya akaunti 100. Baraza la washauri wa usalama wa mtandao huo lilivunjwa Desemba 2022, na idara iliyokuwa ikipokea malalamiko ya aina hiyo ikapunguzwa sana.

Kazi ya kusahihisha uongo iliachiwa zaidi watumiaji wenyewe, ambao huandika maelezo chini ya chapisho. Maelezo hayo hayaonekani kwa wote hadi watu wa kutosha wenye mielekeo tofauti wakubaliane kuwa yanafaa. Kwa Kiingereza, watu hao hupatikana. Kwa Kiswahili ni vigumu zaidi, na kwa Dholuo ni vigumu mno. Machi 2023, maandamano ya muungano wa upinzani wa Azimio yalipofunga maduka ya Kisumu na moshi wa vitoa machozi ukatanda Kondele, saa chache za picha ya uongo zingetosha kumtia mtu hatarini kabla ya sahihisho lolote kufika.

Hata hivyo, wakazi wa ziwani hawakuhama. Jina lilibadilishwa likawa X Julai 2023, lakini mazungumzo yakaendelea. Juni 2024, upinzani wa vijana dhidi ya Mswada wa Fedha ulipangwa kwa sehemu kubwa humo na TikTok, na Kisumu nako wakamiminika barabarani. Rais William Ruto aliuondoa mswada, na Julai 5 akaingia kwenye kikao cha sauti cha X kuwajibu vijana. Hilo ni jambo kubwa, nalo ni haki litajwe: mtandao uliodhoofishwa na mwenyewe ulibaki uwanja ambapo kijana wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, anaweza kusikika Ikulu.

Uwanja huo una gharama yake. Juni 7, 2025, Albert Ojwang, mwalimu na bloga mwenye umri wa miaka 31, alikamatwa Homa Bay kwa madai ya machapisho ya X kuhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi Eliud Lagat. Alisafirishwa hadi Nairobi na kufia mikononi mwa polisi usiku huo. Polisi walidai alijiumiza mwenyewe. Uchunguzi wa maiti ulikanusha dai hilo.

Machi 28, 2025, X ilibadilisha mwenyewe tena, angalau kwenye karatasi. Musk aliiuza kwa xAI, kampuni yake nyingine, inayotengeneza programu ya akili mnemba iitwayo Grok. X ilithaminiwa dola bilioni 33 baada ya kuondoa deni, na kilichokwenda pamoja nayo ni data: maneno yote yaliyoandikwa hadharani na watumiaji, yakiwemo ya Kondele, Dunga na Homa Bay. Idhini ya kuyatumia kuifunza Grok iliwashwa tangu 2024 bila mwandishi kuulizwa. Asiyeridhia hana budi kuingia mwenyewe kwenye mipangilio ya faragha, afungue sehemu ya Grok, na aiondoe.