Kuupima Ukungu wa Nyuma ya Lenzi

Mtu aliyepasuliwa mtoto wa jicho, akakaa mwaka mmoja au miwili akisoma barua zake na kuwatambua jamaa zake kwa mbali, kisha akaona ulimwengu umeanza kumfifilia tena, aghalabu hudhani kuwa ugonjwa umemrudia au kuwa tabibu wake alifanya taksiri. Lakini lenzi iliyokwisha kutolewa haioti tena, na hali hiyo huweza kumpata hata aliyepasuliwa na tabibu hodari kupita wote. Mara nyingi kilichoingia ukungu ni utando mwembamba ulioachwa makusudi nyuma ya lenzi mpya.

Katika upasuaji wa siku hizi tabibu hufungua kwa duara ukuta wa mbele wa kifuko cha lenzi, akaondoa lenzi iliyochafuka, akauacha ukuta wa nyuma, ambao unene wake ni sehemu chache tu za elfu za milimita, upate kuishikilia lenzi ya plastiki atakayoitia. Lenzi ya namna hiyo ilitiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949 na Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, baada ya kutambua kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege, vilivyowaingia machoni marubani wa vita, vilikaa humo bila ya kulichochea jicho. Plastiki ikaafikiana na jicho. Seli za lenzi ya zamani ndizo zisizokubali kutulia. Zile zinazosalia pembeni mwa kifuko, ambazo hakuna mkono uwezao kuzisafisha zote, huzaana na kutambaa kuelekea katikati, nyingine zikivimba mfano wa lulu, nyingine zikiukunja utando, mpaka nuru ipitayo hapo ikatawanyika. Kwa watoto, ambao seli zao zina nguvu zaidi, hali hii hutokea upesi na kwa wingi.

Dawa yake ni leza ya YAG, ambayo kwa dakika chache hutoboa tundu katikati ya utando pasipo kisu. Ila mashine yake ni ya gharama, haipatikani kila hospitali, na mara chache kazi hiyo hufuatwa na kupanda kwa shinikizo la jicho au kubanduka kwa retina. Kwa hiyo ni bora kuuzuia ukungu kuliko kuutoboa. Na asiyeweza kuupima ataamuaje ni lenzi ipi iuzuiayo zaidi? Kumsomesha mgonjwa herufi za ukutani hakutoshi, maana huenda akazikosa kwa sababu ya retina mbovu ilhali utando wake ni safi. Nayo maneno ya matabibu hayana mizani moja, kwani ukungu ambao huyu auita kidogo, mwenziwe auita wa wastani.

Hapo ndipo kamera ilipoingia. Mboni hupanuliwa kwa dawa ya matone, kisha nuru hupelekwa moja kwa moja ndani ya jicho, ikagonga retina na kurudi ikiwa nyekundu, ikauangaza utando kwa nyuma, kama kitambaa kilichoinuliwa kuelekea juani kinavyodhihirisha kila doa na kila mkunjo. Taabu ni kwamba mwako wa taa huakisiwa pia na konea na uso wa lenzi, ukaacha mabaka meupe ambayo kompyuta isiyoonywa huyahesabu kuwa ni ukungu. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu hupiga picha kadhaa, mwako ukiangukia mahali mbalimbali, kisha wakaziunganisha kuwa moja isiyo na mabaka.

Picha ikipatikana, hesabu yake ina njia zaidi ya moja. Njia ya EPCO, iliyotangazwa mwaka 1997 na wataalamu wa Ujerumani, humtaka mpimaji achore mipaka ya kila eneo lenye ukungu, alipe daraja toka 0 hadi 4, azidishe daraja kwa sehemu ya utando iliyofunikwa, kisha ajumlishe. Njia ya AQUA, iliyobuniwa Vienna, huiachia kompyuta ipime vurugu ya taswira na kutoa alama toka 0 hadi 10. Na ile ya POCO, ya London, hutaja asilimia ya eneo lililoingia ukungu.

Hata hivyo, tarakimu nayo yahitaji kusomwa kwa hekima. Kwa hesabu ya EPCO, utando uliofunikwa wote kwa ukungu wa daraja 1 hupata alama 1, na utando ulio safi isipokuwa robo yake yenye daraja 4 hupata alama 1 vilevile. Ilhali robo hiyo ikiwa pembeni mgonjwa huenda asijue kama ipo, na ikiwa katikati haoni njia. Kwa sababu hiyo wapimaji waangalifu huhesabu eneo la katikati peke yake pia, wakaiweka tarakimu sambamba na maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Pamoja na upungufu huo, vipimo hivi vimezaa matunda bayana. Kwa kulinganisha picha za lenzi mbalimbali ilithibitika kwamba lenzi yenye ukingo mkali wa nyuma, unaoubana utando na kuzizuia seli zisivuke, huchelewesha ukungu kuliko yenye ukingo wa mviringo, na leo lenzi nyingi huundwa kwa ukingo huo mkali.

Basi msomaji, ikiwa wewe au mzazi wako mmepasuliwa mtoto wa jicho na nuru ikaanza kufifia, msikate tamaa wala msinunue matone dukani, kwani hakuna tone lisafishalo utando huo, na pengine sababu ni nyingine inayohitaji tiba ya haraka. Rudini kwa tabibu wa macho, alipanue jicho na kulitazama.