Akutukanaye Huchagua: Sarufi ya Tusi katika Kiswahili, Kihispania na Kiingereza

Katika Jiji la Dodoma kuna kata iitwayo Chang'ombe. (Msikilizaji aliyesoma Dar es Salaam atakumbuka Chang'ombe nyingine, ile ya Temeke, ninayoizungumzia hapa ni ya uwanda wa kati.) Jina hilo limebeba ng'ombe ndani yake, na katika nchi ya Wagogo ng'ombe ni mali, ni mahari, ni kipimo cha heshima ya kaya. Hata hivyo, ng'ombe huyohuyo akitajwa kwa Kiswahili kwa sauti iliyopanda, na kiwakilishi kikamfuata, «ng'ombe we!», aliyeambiwa hana shaka kwamba ametukanwa: ameitwa mjinga asiyefundishika. Mfugaji mmoja aweza asubuhi kumsifu mwenzake kwa wingi wa ng'ombe wake, na jioni akamwita yeye mwenyewe ng'ombe. Neno halijabadilika hata sauti moja. Kilichobadilika ni nini?

Wahenga wetu walisema, «Akutukanaye hakuchagulii tusi». Kimaadili sina ugomvi na methali hii. Kiisimu, nadhani inapotosha. Mtukanaji huchagua, tena kwa makini kuliko msemaji wa kawaida, ila uchaguzi wake mara nyingi haupo katika msamiati. Upo katika ngeli, katika upatanisho wa kisarufi, na katika mnyambuliko wa kitenzi. Wanafunzi wetu wanaokusanya orodha za «maneno ya matusi» kwa ajili ya tasnifu huikosa sehemu kubwa ya jambo lenyewe, na kamusi haziwezi kuwasaidia.

Tuanze na ngeli, maana hapo ndipo penye utajiri. Nomino «mtu» ikihamishwa kutoka ngeli ya watu na kupewa kiambishi cha ukubwa huwa «jitu». Ikipewa cha udogo huwa «kijitu». Hayo yamo katika kila kitabu cha sarufi. Lisilosemwa sana ni kwamba kuhama kwa nomino ni hatua ya kwanza tu. Linganisha: «Kijitu yule anataka nini?» na «Kijitu kile kinataka nini?» Sentensi ya kwanza ina dharau, lakini upatanisho wa a- bado unakiri kwamba anayesemwa ana uhai na utu. Katika ya pili utu umeondolewa kabisa. Aliyebaki ni kitu. Ndivyo ilivyo pia kwa «jizee lile limekuja tena».

Ushahidi ulio wazi zaidi ni nomino ambazo tayari zimo katika umbo la ki- bila ya kuwa na kejeli. Tunasema «kiongozi amefika», «kijana amefika», «kiziwi amefika», na hatuoni tatizo. Wenye hali hiyo wenyewe wamelichukua jina hilo bila haya: Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinalitumia katika jina lake rasmi. Lakini sema «kiziwi kimefika», na umemtukana mtu kwa neno lilelile ambalo chama chake kinajivunia. Tusi limekaa katika ki- ya kitenzi, mahali ambapo mkusanyaji wa maneno hatazami.

Napaswa kukiri kwamba hoja yangu haifuniki kila kitu. «Zeruzeru» ni neno ambalo upatanisho wake ni wa watu, na kisarufi halina kosa. Lakini baada ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi yetu katika miaka ya 2000, wengi wa wahusika wamelikataa, na katika matumizi rasmi «mtu mwenye ualbino» ndilo linalotakiwa. Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na muundo huo wa «mtu mwenye» umeenea tangu wakati huo katika maandishi ya serikali. Hapo neno limechafuliwa na yaliyotendwa chini yake, wala si na sarufi.

Kihispania kinalifahamu jambo hili la maumbo. Kwa kiambishi -ucho, nomino «médico», yaani daktari, huwa «medicucho», tabibu asiye na maana. Na «casa», nyumba, huwa «casucha», kibanda. Kiingereza, kinyume chake, kimebakiwa na viambishi vichache vya namna hii, kwa hiyo mzungumzaji wake hulazimika kuongeza kivumishi au kutafuta neno jingine. Ndiyo sababu mfasiri anayepeleka «kijitu kile» katika Kiingereza hujikuta akiandika maneno yanayomaanisha «mtu mdogo yule», na msomaji wa huko hudhani kwamba linazungumziwa jambo la kimo.

Sasa nigeukie mnyambuliko. Kutukana ni kitenzi elekezi cha kawaida: «Amenitukana.» Lakini tazama kauli ya kutendea: «Amenitukania mama yangu.» Ametajwa mama, na aliyejeruhiwa ni mimi; sarufi imetupa nafasi mbili, moja ya aliyetajwa na nyingine ya aliyeumizwa, na imemweka aliyeumizwa karibu zaidi na kitenzi. Katika kauli ya kutendewa tunasema «nimetukaniwa mama», na mtu husema hivyo hata kama mama yake alikwisha kufariki. Vivyo hivyo «nimevunjiwa heshima». Hata methali niliyoitaja inajengwa juu ya umbo hilihili: «hakuchagulii», hachagui kwa ajili yako.

Mhispania angeelewa mara moja. Huko Mexico kauli ya «me mentó la madre» maana yake neno kwa neno ni «alinitajia mama», na kiwakilishi «me» kinafanya kazi ileile ya ni- pamoja na kauli yetu ya kutendea. Hata haja haipo ya kusema alimtaja mama kwa namna gani, kutaja kwenyewe kumekwisha kuwa tusi, kama vile sisi tunavyoweza kusema «mamako!» tukanyamaza, na mwenzetu akaimalizia mwenyewe moyoni. Kiingereza husema tu «alimtukana mama yangu». Mwenye kuumia anaonekana kwa kiwakilishi kimilikishi, na msikilizaji akitaka anaweza kuuliza: sasa wewe umefanywa nini?

Si kila kuudhika ni kutukanwa, bila shaka. Kilatini «offendere», kilichowapa Waingereza na Wahispania neno la kuudhi, kilikuwa na maana ya kugonga au kujikwaa, na sisi bila kuwaiga twasema «umenikwaza». Mtu aweza kukwazwa kwa kunyimwa shikamoo, au kwa msonyo usio na silabi hata moja. Hayo nayapita kwa leo.

Yapo pia mahusiano ambamo kutukanwa hakuruhusiwi kuudhi. A. R. Radcliffe-Brown alipoandika juu ya utani mwaka 1940 alieleza kwamba mtu huruhusiwa, na pengine hutakiwa, kumdhihaki mwenziwe, naye mwenziwe hutakiwa asikasirike. R. E. Moreau aliukusanya utani wa Tanganyika katika miaka hiyohiyo, na mwaka 1968 Peter Rigby alichapisha makala mahsusi juu ya utani wa Wagogo, akiuhusisha na ukoo na makundi ya jamaa. Huku uwanda wa kati, basi, «ng'ombe we» ya mtani msibani ni wajibu unaotimizwa, na asiyemtania mfiwa ndiye mwenye kulaumiwa. Ikisemwa na jirani asiye mtani, kwa maneno yaleyale, ni kesi.

Nasema kesi kwa maana yake halisi. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamtia hatiani anayetumia lugha ya matusi kwa namna inayoelekea kuvunja amani. Hakimu hawezi kuamua hilo kwa orodha ya maneno. Lazima ajue nani kamwambia nani, na kwa umbo gani. Kwa miaka mingi mashahidi walitoa ushahidi kwa Kiswahili, lakini mahakama zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo ziliweka kumbukumbu kwa Kiingereza. Katika safari hiyo «kinasema nini hiki?» iligeuka kuwa swali tupu, na «alinitukania mama» ikawa malalamiko juu ya mtu ambaye hakuwepo mahakamani. Rufaa ilisikilizwa juu ya maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Yaliyokuwa yakipotea katika tafsiri sasa yaweza kuandikwa kama yalivyotamkwa, mradi karani asiyasanifishe. Naye karani aliyefunzwa shuleni kwamba «kiziwi kimefika» ni kosa la upatanisho atashawishika kuisahihisha kuwa «kiziwi amefika», na kwa kalamu yake njema atakuwa amelifuta kosa la jinai kutoka katika jalada.