Kuchagua Matairi ya Gari Lililoinuliwa

Ukisimama kando ya Jogoo Road jioni ya Jumapili, hapo karibu na City Stadium, hukosi kuona Land Cruiser au Land Rover iliyoinuliwa juu, hata mtu mfupi kama mimi anaweza kuona vyuma vya chini bila kuinama. Vijana wa mtaa wetu wa Kaloleni hupiga mbinja na kusema, "Cheki hizo tairi!" Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Nataka kueleza jinsi matairi ya gari kama hilo yanavyochaguliwa, kwa sababu jambo hili nusura limfilisi mjomba wangu.

Mjomba alinunua Land Rover Defender kuukuu kwa mkopo wa chama. Aliyekuwa nayo kwanza alikuwa ametia springi ndefu, gari likapanda inchi mbili. Kazi yake ni kubeba wachuuzi wa mbuzi. Huondoka alfajiri, hupita Kitengela na Isinya hadi Kajiado, kama kilomita 80 za lami, kisha huacha lami na kuingia vijijini. Jioni mbuzi huletwa Kiamaiko kuchinjwa. Huko ndani, kiangazi kuna mawe na miiba ya migunga ambayo hutoboa hata viatu. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi hugeuka kuwa kama ugali usioiva, unashika kila kitu.

Seti ya kwanza ya matairi aliinunua rahisi katika duka moja mjini. Yaling'aa na meno yake yalikuwa mazima. Mwezi wa pili, usiku karibu na Isinya, tairi moja lilipasuka ukuta, gari likayumba likiwa na watu na mbuzi. Mungu ni mkubwa, halikupinduka. Fundi alipolipangusa tairi lile alimwonyesha nambari nne zilizofuata herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lile la mjomba lilikuwa limekaa miaka tisa kabla ya kuuzwa! Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, hukauka na kuingia nyufa ndogondogo kama za kisigino, na rangi ya kung'arisha huzificha. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, inama usome hizo nambari. Wakati mwingine ziko upande wa ndani, itabidi uingie chini na tochi.

Sasa mjomba alikuwa amebaki na pesa za seti moja tu. Akikosea tena, gari litauzwa na deni la chama litabaki. Hata hivyo alikuwa ameanza kuota matairi makubwa yenye meno kama ya trakta. Tulienda naye kwa fundi wa matairi karibu na soko la Burma. Yule mzee alimtazama akauliza, "Sasa dere, wewe unataka tairi ya kuonyesha watu ama ya kuleta mbuzi?"

Fundi alituambia kwamba springi ndefu huinua bodi peke yake. Ekseli, pamoja na ile difu iliyo kama chungu chini ya gari, hubaki palepale kwa kuwa zimeshikwa na magurudumu. Mawe yaliyokuwa yakigonga difu zamani bado yataigonga. Kinachoinua difu ni tairi refu zaidi, lakini kwa kiasi gani? Hapa Mwalimu wa Hisabati atafurahi. Ubavuni mwa matairi ya mjomba palikuwa na maandishi 235/85R16. 235 ni upana kwa milimita. 85 ni asilimia, yaani ukuta wa tairi una kimo cha asilimia 85 ya upana huo. R ni radiali, namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Basi 235 mara 0.85 ni karibu 200. Ukuta uko juu na chini, kwa hivyo ni 400. Ongeza rimu, milimita 406, jumla ni 806.

Yale aliyoyatamani yalikuwa 285/75R16. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari nikapata 834. Tofauti ni milimita 28, lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hivyo inapanda nusu tu: milimita 14. Kidole gumba changu ni kipana kuliko hapo! Na kwa sababu ya kidole hicho unapata tairi lililozidi upana kwa sentimita tano, ambalo laweza kukwaruza ukikata kona kabisa, injini inavuta mzigo zaidi, na spidomita inakudanganya. Ikisema 80, wewe uko karibu 83. Mjomba alinyamaza.

Ikabaki aina ya meno. Matairi ya M/T ni ya matope. Meno yake ni makubwa na yameachana sana, ili gurudumu likizunguka liyarushe matope nje na kupata mshiko mpya. Lakini juu ya lami ni mpira kidogo unaogusa barabara, kwa hivyo hulia kama ndege, huisha upesi, na lami ikilowa breki huchelewa kushika. H/T ni ya lami, na kwenye udongo mweusi hugeuka kipara mara moja. A/T yako katikati, meno yamekaribiana kuliko ya M/T lakini yana nafasi ya kutosha.

Mjomba akasema, "Lakini magari ya Rhino Charge yanafunga M/T." Ni kweli mengi hufanya hivyo. Mashindano hayo yalianza mwaka 1989 kuchangisha pesa za ua wa umeme wa kulinda msitu wa Aberdare, na mshindi ni yule aliyefika vituo vyote kwa mwendo mfupi zaidi, akipita vichakani na majabalini. Siku hiyo hakuna lami. Mjomba ana kilomita 80 za lami kwenda na 80 kurudi, tena amebeba watu.

Alichukua A/T za kimo kilekile, 235/85R16, zenye herufi LT mbele, maana yake ukuta mgumu wa gari la mizigo, na nambari 120, yaani kila tairi laweza kubeba kilo 1,400. Fundi alimwambia akifika kwenye matope apunguze presha hadi kama 20, aende polepole, na ajaze kwa pampu kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi likiwa na upepo kidogo hutanuka chini na kushika.

Pesa zilitosha manne. La tano, la akiba, lazima liwe la kimo kilekile, maana Defender huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote na tairi la kimo tofauti huumiza difu ya katikati. Kwa sasa amebaki na moja la ile seti kuukuu. Fundi ameliandika kwa chaki nyeupe: SI YA MBALI.