Chumba cha Elfu Sabini, Mita ya Watu Sita

Mpwa wangu ni fundi simu. Kwa miaka minne amekaa kwenye kibaraza cha duka la mtu mjini Singida, akibadilisha vioo na kukausha simu zilizoingia maji. Sasa ana akiba ya shilingi 1,500,000 na swali moja: "Mjomba, niende mji gani?" Aliliuliza kama mtu anayeulizia bei ya nyanya. Mimi nimeishi Dar es Salaam miaka kumi na mmoja, Dodoma minne na Mwanza miwili. Arusha nimekuwa nikienda na kurudi kikazi. Sikumjibu. Nilimwambia alete daftari.

Tulianza na kodi, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Watu hulinganisha miji kwa kodi ya mwezi, wakati hakuna anayelipa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, na wapo wanaotaka mwaka. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo kuna hela ya kukuzungusha, ambayo hairudi hata kama ulichoonyeshwa ni banda la kuku lenye dirisha. Tuseme kapata chumba cha 70,000, choo cha kuchangia. Miezi sita ni 420,000, dalali 70,000. Jumla 490,000, theluthi ya akiba imekwisha na bado kijana analala sakafuni, hana godoro, ndoo wala mtungi mdogo wa gesi.

Kisha nikamkumbusha kwamba yeye anapanga mara mbili: pa kulala na pa kuweka meza. Fremu nayo ina malipo yake ya mbele, na kwenye mitaa yenye biashara Dar utadaiwa na kilemba, hela ya kumwondoa aliyemo. Kwa 1,500,000 hilo asahau. Anachoweza ni kuomba nafasi ya meza ndani ya fremu ya muuza vocha au muuza makava, wachangie kodi. Hilo linawezekana katika kila mji, ila linahitaji mtu wa kumdhamini, na nitarudi kwenye suala la watu baadaye.

Umeme ndipo tulipokaa muda mrefu, maana kijana alidhani umeme ni umeme. TANESCO humuuzia mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Mtumiaji wa kawaida anauziwa kwa shilingi 292. Mpangaji wa chumba kimoja mwenye balbu mbili, feni na chaja ni mtumiaji mdogo kwelikweli. Lakini mwingize kwenye nyumba ya vyumba sita vyenye mita moja. Mita haihesabu vichwa, inahesabu uniti, na uniti za nyumba nzima zinavuka 75 hata mwezi haujafika katikati. Uniti zake 40, ambazo zingemgharimu 4,000, zinakuwa 11,680. Na huo ni mgawanyo wa haki, ambao haupo. Mara nyingi wapangaji huchanga sawasawa, mwenye jokofu na mwenye balbu, na kila LUKU inapoisha saa tatu usiku kuna mmoja ambaye simu yake haipatikani. Kodi ya jengo ya mwenye nyumba nayo hukatwa humo humo kwenye LUKU. Mimi ningelipa 10,000 zaidi kwa mwezi kupata chumba chenye mita yake. Hela hiyo inarudi, na urafiki na majirani unabaki.

Dar es Salaam sasa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, na karibu kila mmoja ana simu itakayoanguka siku moja. Kwa fundi, faida kubwa ya Dar ni Kariakoo: kioo unakinunua asubuhi, mchana mteja ameshakabidhiwa simu yake. Mikoani kioo kinaagizwa, kinapakiwa kwenye basi, unakisubiri kesho yake, na mteja aliyekuachia simu anakupigia kwa simu ya mkewe kila baada ya saa moja. Ila Kariakoo yenyewe imejaa mafundi, wengine wakiwa na mashine ambazo mpwa wangu amewahi kuziona YouTube tu. Nilimwambia kama ni Dar, asikae katikati. Aende Mbagala au Gongo la Mboto, penye watu wengi wa kipato cha kawaida, na vipuri avifuate Kariakoo mara mbili kwa wiki.

Kinachoua Dar ni nauli na saa. Mtu anapanga mbali kwa sababu chumba ni 50,000 badala ya 90,000, anajiona mjanja. Akipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, tuseme 600 kila moja, ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Chumba cha 50,000 kimekuwa cha 112,400, na bado hujahesabu kuamka saa kumi alfajiri. Mwendokasi, ulioanza 2016 kwa njia ya Kimara, unapunguza saa barabarani, lakini foleni iliyokuwa ya magari inaweza kuhamia kituoni, ukawa umesimama na watu badala ya kukaa na magari. Kwa hiyo Dar, tafuta kazi kwanza, kisha panga pale unapoweza kufika kwa miguu. Na kabla ya kulipa chumba chochote cha bondeni, angalia ukuta wa nje chini. Ukiona mstari wa matope uliopakwa rangi juu yake, msalimie dalali, uondoke.

Dodoma niliihamia na mizigo ya ofisi, baada ya serikali kuamua 2016 kwamba sasa inahamia kweli. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa 1973, kwa hiyo hatukuwa na haraka. Mji umetanuka kuliko ulivyojaa. Mitaa imepimwa, barabara zinaeleweka, na nyumba nyingi ni mpya. Lakini kutoka katikati ya mji hadi Mtumba, kwenye ofisi za serikali, ni safari, na kati ya kituo cha daladala na nyumba yako mara nyingi kuna bodaboda. Iandike kwenye daftari kila siku, maana ndiyo hela inayotoka bila kuonekana. Maji pia. Usiulize kama nyumba ina bomba. Uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na simtanki ni la nani.

Kwa fundi simu, Dodoma ina mambo mawili mazuri. La kwanza ni vumbi. Linaziba spika, linaziba tundu la chaji, na kusafisha simu ni kazi isiyohitaji kipuri. La pili ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambao huvunja vioo kuliko watu wengine wote na hawawezi kukaa siku mbili bila simu. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, imeisogeza Kariakoo pia. Tiketi ya daraja la kawaida ilianza kwa 31,000, na safari iliyokuwa inakula siku nzima kwa basi sasa ni ya saa nne hivi. Kwenda na kurudi ni 62,000, kwa hiyo usiende kwa kioo kimoja. Wachangishane mafundi watatu, aende mmoja. Ubaya wa treni ni kwamba imewarahisishia wengine kuondoka. Jirani zangu wengi familia zao zilibaki Dar, na Ijumaa jioni mtaa ulikuwa unapungukiwa sauti. Ilinichukua karibu mwaka kujua jina la mtu wa mlango wa pili.

Mwanza siku ya pili tu, jirani aliniletea bakuli la dagaa bila kuniuliza natoka wapi. Nikasema, huu mji una watu. Mkoa ulihesabiwa watu 3,699,872 mwaka 2022, na wafanyabiashara huja kutoka visiwani, Sengerema na Geita. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa ng'ambo hasubiri tena kivuko. Simu nyingi za Mwanza zimeingia ziwani angalau mara moja, na mpwa wangu alitabasamu niliposema hivyo kwa sababu kukausha simu ndiko anakojivunia. Kipuri kikiwa adimu ndipo tatizo linapoanza: Dar ni mbali, na hapa basi ndilo linalokuletea.

Vyumba vya milimani, katikati ya yale mawe, ni nafuu, na sababu utaijua siku ya kupandisha kabati. Bodaboda inakomea chini, kinachobaki ni mabega yako au ya mtu wa kulipwa. Mtungi wa gesi na gunia la mkaa vina bei mbili, ya barabarani na ya juu. Maji ya bomba nayo hupata tabu kupanda, jambo la ajabu kwa mtu anayeliona ziwa lote kutoka mlangoni kwake.

Arusha niliipitia haraka. Ni mji mzuri kwa anayefanya kazi na watalii, na mpwa wangu siye. Fedha ya mji ule ina msimu: Aprili na Mei hoteli zinapumua polepole, waongozaji wanakaa nyumbani, na hata fundi simu anasikia. Kodi haina msimu. Ongeza blanketi la pili na sweta la Julai.

Sasa watu. Kila mji una ada ya kuingia ambayo dalali haitaji. Ya kwanza ni kwenda ofisi ya serikali ya mtaa ukiwa na kitambulisho cha NIDA, ujulikane kwa mwenyekiti na kwa mjumbe. Vijana wanapuuza hilo mpaka siku wanapohitaji barua ya utambulisho. Ya pili ni michango. Ukifika mtaani, toa kwanza kwenye msiba wa mtu usiyemjua. Elfu mbili yako itaonekana kuliko elfu ishirini utakayotoa mwakani kwenye kadi ya harusi. Salamu nayo ni fedha. Mwanza ukimwambia mama muuza samaki "mwangaluka" asubuhi, atacheka lafudhi yako na kukuongezea. Dodoma "mbukwenyi" itamgeuza mzee aliyekupa kisogo. Dar hawajali kabila lako. Wanauliza Simba au Yanga, na ukijibu "sina timu" wanakushangaa kuliko ungetaja timu mbaya.

Na kuna gharama moja ambayo kijana hakuiandika hadi nilipomshika mkono: kwenda kwao kuzika. Akiwa Dodoma, akipigiwa simu alfajiri anafika Singida mchana. Akiwa Dar siku nzima imekwisha, na nauli yake ni ya mbali. Mtu mwenye wazazi wazee alinganishe na hilo. Nilipiga mstari chini ya Dodoma mara mbili.

Alichagua Mwanza. Hakunieleza vizuri kwa nini, nadhani ni yale maji. Nilimwomba kitu kimoja tu: asilipe chumba wiki mbili za kwanza, alale kwa rafiki yake na begi moja, atembee mitaa asubuhi, mchana na usiku. Siku ya tisa alinitumia ujumbe: "Mjomba, Igoma kuna chumba cha elfu hamsini, mita ya watu watano, ila mwenye nyumba anakubali miezi mitatu. Nilipe?" Nikamjibu aombe kwanza kuonyeshwa risiti za LUKU za mwezi uliopita, na aulize nani ana jokofu.