Kulala porini Katavi: viboko wako jirani tu na sisi

Kuna mshkaji aliniuliza wazungu wanafuata nini Katavi mpaka wapande ndege ndogo kwenda kulala kwenye mahema. Mimi nimeshalala Sitalike siku mbili, kwa hiyo ngoja nimwage data.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa 1974, ina kilomita za mraba 4,471. Sisi wa Mbozi hatuhitaji ndege: gari mpaka Tunduma, unashika njia ya Sumbawanga, halafu basi la Mpanda. Barabara inakatiza hifadhini humohumo, unashuka Sitalike, kijiji kilichoko getini, kabla hujafika Mpanda mjini. Kiuno kitauma, sikufichi.

Kambi za kitalii za ndani kabisa ni chache mno. Wageni wao hutua kiwanja cha Ikuu, wanalala kwenye mahema, uzio hakuna. Ndo maana giza likiingia hutembei peke yako, hata kwenda kula unasindikizwa. Wengine wanadhani ni mbwembwe za kitalii. Si mbwembwe hata kidogo! Kiboko anashinda majini kwa sababu jua linaikausha ngozi yake haraka, usiku ndo anatoka kula nyasi. Sasa ukisimama kati yake na maji, umekwisha.

Utamu wenyewe ni kiangazi, kuanzia Juni hivi mpaka Oktoba. Ziwa Katavi na Ziwa Chada hukauka, Mto Katuma unabaki madimbwi. Viboko kwa mamia hubanana kwenye dimbwi moja, matope mpaka mgongoni, madume yanachanana kwa meno. Mamba nao hujichimbia mapango kwenye kingo za mto, wanajilaza humo kungoja mvua. Na harufu je? Weee, acha tu.

Ila kubanana kule si kwa sababu ya kiangazi peke yake. Zamani Katuma ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Watafiti walishaonyesha kwamba huko juu maji yanachepushwa kumwagilia mpunga. Simlaumu mkulima, wali hata mimi nakula. Lakini mpunga unaweza kupangiwa zamu ya maji, kiboko huwezi kumwambia asubiri zamu yake juani.

Mwenye mfuko kama wangu alale Sitalike, kuna mabanda ya TANAPA na sehemu nyingine za bei ya kawaida. Viboko wa mtoni unawaona hapohapo kijijini. Kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi, kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni. Kinachokamua ni gari la kuzungukia ndani. Nguo za bluu na nyeusi acha nyumbani, mbung'o wanazipenda kuliko wewe, na wanauma hadi juu ya jinzi. Tochi usisahau.

Natafuta watu watano wa kuchangia gari mwezi wa tisa. Aliye siriasi aseme hapo chini.