Usitazame leseni pekee uendapo kutogwa

Huenda umeingia saluni kutogwa masikio, au umempeleka bintiyo kabla ya harusi ya shangaziye. Ukutani kuna leseni ya kaunti, imetiwa kwenye fremu, nawe moyo umetulia. Lakini karatasi hiyo hukueleza tu kwamba mwenye duka amelipa ada na ameruhusiwa kufanyia biashara yake hapo. Haikuambii sindano aliyoishika imetoka wapi, wala ilimdunga nani kabla yako.

Hapo ndipo penye hatari. Chombo kilichotoboa ngozi hubeba damu hata kama huioni kwa macho. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi, ndani ya damu iliyokwisha kukauka. Kwa hivyo sindano iliyotumiwa Jumatatu yaweza kumwambukiza mteja wa Jumamosi. Tena mgonjwa aweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote, mpaka ini lake liharibike au lishikwe na saratani.

Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo ya ugonjwa huu mwaka 2001. Ikiwa ulizaliwa kabla ya hapo, yamkini hukuchanjwa. Mtu mzima hudungwa mara tatu, kwa kawaida katika kipindi cha miezi sita.

Wengi hudhani kupanguza sindano kwa spiriti kunatosha. Hakutoshi, na hata kuichemsha sufuriani hakutoshi. Hospitalini vyombo hutiwa katika mtambo wa mvuke wenye shinikizo, joto likifika nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Asiye na mtambo huo hana budi kutumia sindano mpya kwa kila mteja, aifungue kwenye pakiti ukiona. Vivyo hivyo kwa mchora chale: wino uliobaki kwenye kikopo baada ya mteja aliyetangulia umwagwe, hata kama ni wa bei ghali. Jambo hili la wino husahauliwa mno.

Ile mashine ya kutogea inayofanana na bastola nayo itazame vizuri. Nyingi zina sehemu za plastiki zisizostahimili joto la mtambo, kwa hivyo hupanguzwa tu. Usikubali itumiwe kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya juu ya sikio. Damu haifiki huko kwa wingi, na kidonda kikiingia usaha ni vigumu kukitibu. Sikio laweza kusinyaa kabisa.

Je, nani wa kuwakagua watu hawa? Ni bwana afya (siku hizi wengi wao ni mabibi). Tangu mwaka 2013 kazi hiyo iko chini ya kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka 1921, humpa uwezo wa kumwandikia notisi mwenye mahali penye uchafu unaodhuru afya, na akikaidi ampeleke kortini. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1982 iliwawezesha madiwani wa wilaya kumsajili mtoboaji mwenyewe pamoja na duka lake. Kwa maoni yangu kaunti zetu zingefanya vyema kuiga hilo, kwani mkono ndio unaodunga, si ukuta.

Ukiona sindano ikirudiwa, nenda ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yenu, utaje duka, siku na ulichokiona. Usingoje mpaka uugue.

Wasomaji wa Pwani, nanyi mna lenu: piko. Hina halisi ni ya rangi ya kahawia au nyekundu, na hukaa kwa saa kadhaa ndiyo ishike. Ile nyeusi tititi inayoshika upesi aghalabu ni rangi ya nywele, yenye kemikali inayoitwa PPD, ambayo haikukusudiwa kupakwa kwenye ngozi. Malengelenge huweza kutokea baada ya siku chache, hata wiki mbili, na kuacha kovu lenye umbo la ua lile lile ulilochorwa. Aliyewahi kudhurika hivyo asipake tena rangi ya nywele ya aina hiyo, kwani uso waweza kuvimba hata macho yasifunguke. Watoto wasipakwe piko kamwe, hata siku ya Idi.

Na iwapo umekwisha kutogwa na sikio limevimba, lina joto au linatoa usaha, usilivue herini mwenyewe. Tundu likiziba, usaha hubaki ndani. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, na umwambie daktari ulitogwa lini na kwa chombo gani.