Nyumbani kwetu, petu au mwetu? Somo kwa wanaosomea uandishi ughaibuni

Wahenga walisema nyumbani ni nyumbani hata kama ni pangoni. Tunalitaja neno hilo 'nyumbani' kana kwamba lina maana moja tu. Sarufi ya Kiswahili inatuonyesha kuwa sivyo, na leo nataka sarufi hiyo iwafae vijana wetu wanaosomea uandishi wa kubuni ng'ambo huku wakihesabu siku za kuja likizo.

Ngeli ya mahali ina viambishi vitatu: pa-, ku- na mu-. Husema 'nyumbani petu pamefagiliwa' anayelenga mahali mahususi. Husema 'nyumbani kwetu kunanyesha' anayetaja eneo kwa jumla, aghalabu likiwa mbali. Naye anayesema 'nyumbani mwetu mmejaa moshi' anazungumzia ndani. Huku bara tumezoea kusema 'kwa nyumba yetu' na mambo yakaishia hapo. Ku- imewameza wenzake. Katika mazungumzo ya sokoni hilo halimdhuru mtu. Katika hadithi linadhuru.

Kwa nini? Kwa sababu mtu akiwa mbali, nyumbani hubaki kuwa 'kwetu' tu. Ukiwa Iowa au Norwich, Kakamega ni mvua ya alasiri, msitu, kuku na ngoma ya isukuti. Yote hayo ni kweli. Isukuti ya Waisukha na Waidakho hata iliorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Lakini hebu fikiria: mgeni aliyekaa kwetu siku mbili si anaweza kuyaandika hayo hayo?

Mfumo wa masomo nao huchangia. Warsha ya Waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, iliyoanzishwa mwaka wa 1936, ilieneza mtindo ambao sasa unafuatwa kwingi: mwanafunzi anagawa hadithi yake, wenzake wanaisoma, kisha wanaijadili naye akiwa kimya. Ni njia nzuri ya kujua msomaji anachoka wapi na anapotea wapi. Shida ni kwamba wasomaji hao hawajawahi kufika Lurambi wala Khayega. Watauliza obusuma ni nini, na kwa nini mkwe hampi mama mkwe wake mkono. Polepole mwandishi anaanza kueleza badala ya kusimulia. Mhusika wake anageuka mwongozaji wa watalii.

Mwanafunzi niliyemfundisha zamani, ambaye sasa yuko Marekani, alinitumia hadithi kuhusu mazishi ya kijijini. Sentensi zake zilikuwa safi kabisa. Hata hivyo, nilifika mwisho bila kujua boma lile liko upande gani wa barabara, wala ni nani alikuwa hasemezani na nani. Waombolezaji wote walizungumza kwa sauti moja. Nilimjibu: "Mwanangu, umeniandikia kwetu. Sijaona petu wala mwetu."

Simaanishi kwamba umbali ni adui. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi Leeds, Uingereza, alipoandika A Grain of Wheat, riwaya iliyotoka mwaka wa 1967. Hakuandika kuhusu 'Afrika'. Aliandika kuhusu kijiji cha Thabai katika siku za kuelekea Uhuru wa Desemba 1963. Hiyo ni pa-. Kisha akaingia kibandani mwa Mugo, mlimofichwa usaliti ambao kijiji hakikuujua. Hiyo ni mu-.

Taban lo Liyong ndiye Mwafrika wa kwanza kupata shahada ya uzamili katika warsha hiyo ya Iowa, mwaka wa 1968. Mwaka huo huo, akiwa Nairobi, aliungana na Ngũgĩ na Henry Owuor-Anyumba kudai Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe ili Afrika iwe kitovu cha masomo. Mwaka wa 1970 akachapisha Eating Chiefs, akijenga juu ya masimulizi ya Waluo. Alitoka na ufundi Iowa, akautia katika simulizi za huku.

Naye Binyavanga Wainaina alipata Tuzo ya Caine mwaka wa 2002 kwa kuandika juu ya ziara yenyewe: safari ya kutoka Afrika Kusini, alikokwenda kusoma, kurudi Kenya hadi Kisoro, Uganda, kwa akina mama yake. Katika Kiswahili tunayo Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka wa 1996. Msanifu Kombo anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba. Msomaji anakumbuka safari hiyo kwa sababu kila kituo kina jina lake.

Basi anayekuja likizo afanye nini? Kwanza, asije na hadithi iliyokwisha kuandikwa kichwani akitafuta picha za kuipamba. Pili, asikilize. Katika matatu ya kutoka Kisumu, makanga, mwalimu na mama wa mboga hawazungumzi Kiswahili kimoja. Aandike walivyosema, si alivyodhani wangesema. Tatu, aulize majina: ya mti, ya mto, ya marehemu ambaye hatajwi mezani. Hapo ndipo anapoingia mwetu, na mwetu huingiwa kwa hodi. Mama akisema jambo fulani lisiandikwe, kijana ana deni la kumsikiliza kabla ya kumsikiliza mhariri.

Wapo wasioweza kuja. Nauli ni ghali, na viza hutia watu hofu kwamba wakitoka hawatarudi kumaliza masomo. Hao wapige simu, lakini wasiulize tu 'huko kwetu kukoje?' Swali la ku- hupata jibu la ku-: 'kuko sawa tu.' Waulize nani amekaa penye kiti cha babu, na jikoni mnapikwa nini jioni hii.

Na wakirudi darasani wakaulizwa obusuma ni nini, wasihangaike kufasiri. Wamwache mhusika anawe mikono, amege, ale. Mwenye kusoma ataelewa.